Ruta Yenye Pembe Nane

"Wajukuu wangu wanalala kwako kama kuku waliokosa banda, na mimi nina nyumba ya vyumba saba," Rodah alisema, kikapu cha chai bado kiko mgongoni. "Ni hiyo waifai yako. Umeiweka kama chambo."

Alikuwa anamwambia Wanjuhi, mke wa shemeji yake, mbele ya watu wote pale kituo cha kuuzia majani. Karani alikuwa na mizani mkononi na sisi wengine tulikuwa kwenye foleni. Wanjuhi alimwaga majani yake mezani akaanza kuchagua yale magumu na kuyatupa kando, moja moja, kama mtu ambaye hajasikia.

"Wamekuja wenyewe, Bot Kipkurui," akajibu alipomaliza. Bot Kipkurui ndivyo tunavyomwita Rodah huku kwetu, yaani mama ya Kipkurui. "Mimi sikuwafunga kamba."

"Hukuwafunga kamba. Uliwafunga paswadi."

Karani alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nyuma ya Rodah kwenye foleni na niliona vile shingo yake ilikuwa imesimama. Huyo hakuwa anafanya mchezo.

Watu wengi wa Mogogosiek wanamjua Rodah kwa mdomo wake. Mimi namjua kwa chumvi. Shamba langu na lake yanagusana, na kwa miaka ishirini na nane amewahi kukopa kwangu mara moja tu, kijiko cha chumvi, siku mvua ilikuwa imeharibu barabara ya dukani. Kabla ugali wangu uive alikuwa amerudi na kikombe kizima, ameloa kwa safari ya dukani. Nikamwambia hiyo si haraka. Akaniambia hawezi kula chakula chenye chumvi ya mtu. Ndiye Rodah huyo. Hadaiwi, na akidaiwa halali usingizi.

Alizaliwa upande wa Roret, mtoto wa tano kati ya tisa, akaacha shule darasa la saba ili ndugu zake wa kiume waendelee. Alexander alimwoa akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akamleta kwa nyumba ya udongo ya vyumba viwili, kisha akarudi kuendesha trekta kwenye shamba kubwa la chai huko Kericho. Chai unayoiona pale mteremkoni Rodah aliipanda mwenyewe, mche kwa mche, mtoto mgongoni. Na kila mwaka bonasi ikitoka, wakati sisi wengine tunanunua sofa na kuozesha meno kwa soda, yeye alikuwa ananunua mawe. Mwaka huu mawe, mwaka ujao mchanga, mwaka wa tatu mbao. Nyumba ilikaa bila paa mpaka watoto wake wakamaliza shule na kutawanyika. Ilipokwisha, ilikuwa na vyumba saba vimepangwa mstari, na korido ndefu katikati kama ya hospitali.

"Kwa nini ndefu hivi?" nilimuuliza siku ya maombi ya kuifungua.

"Nataka Krismasi kila mtu awe na mlango wake," akasema. "Hakuna mtu wangu atatafuta pa kulala."

Sasa ng'ambo ya ua wa saiprasi, hatua thelathini hivi, kuna nyumba ya Weldon, ndugu mdogo wa Alexander, na mkewe Wanjuhi. Wanjuhi ni Mkikuyu, baba yake alikuwa na duka la misumari na rangi Kericho. Nyumba yao ni ndogo, vyumba vitatu vimekusanyika kama vifaranga. Ruta ya Wanjuhi, ile mashine ya waifai, imetundikwa katikati, na hakuna kona ya nyumba hiyo isiyoshika. Ukienda chooni inashika. Ukiwa zizini unakamua, inashika.

Kwa Rodah pia kulikuwa na waifai. Jamaa wa mtandao walikuwa wamefunga kisahani kwenye paa lake siku ile ile waliyofunga cha Wanjuhi, wakampa karuta kadogo kakakaa sebuleni. Kalishika sebule, kakashika jikoni kwa shida, na ukipita chumba cha tatu kwenye korido kalikuwa kamekufa. Wajukuu walipokuja likizo ya mwezi wa nane, walilala siku mbili katika vyumba vya mwisho, vyumba vizuri, vitanda vipya, mablanketi bado yana mikunjo ya dukani. Siku ya tatu wakachukua mito wakapita kwenye ua wa saiprasi. Mkubwa wao, Chepkemboi, msichana wa kidato cha pili, hata alibeba na viatu.

Hicho ndicho kilimuuma. Na jambo lingine ambalo Rodah hakulisema pale kituoni lakini mimi nililisikia kila siku tukichuma chai: watoto hao wanamwita Wanjuhi kogo, nyanya, kama vile wanavyomwita yeye. Kimila ni sawa, mke wa ndugu ya babu ni nyanya pia. Lakini Rodah kila akisikia "Kogo Wanjuhi" kutoka ng'ambo ya ua, mikono yake ilikuwa inachuma mpaka majani ambayo hayajakomaa.

Na wivu huo haukuanza na waifai, tusidanganyane. Ulianza na mama mkwe wao. Yule mzee alimpenda Wanjuhi kutoka siku ya kwanza, akasifu chapati zake, akasifu hata Kipsigis chake kibovu. Alipokuwa anakaribia kufa alituita, mimi nikiwa mmoja wa waliokaa hapo, akaonyesha vibuyu vyake viwili vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vilivyoning'inia ukutani. Akasema, "Kimoja cha mke wa Alexander, kimoja cha mke wa Weldon. Rodah atampa mwenzake, na amfundishe kazi yake." Rodah akaitika mbele yetu. Baada ya mazishi Wanjuhi alikuja kukichukua. Rodah akamwambia, "Nitakupa ukijua kukisafisha." Na nani alikuwa amfundishe? Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Vibuyu viwili vilikaa jikoni kwa Rodah, kimoja kikitumika, kingine kikining'inia.

Basi jioni ile ya ugomvi wa kituoni Rodah alinipigia simu. "Kesho twende Kericho. Nanunua ruta."

"Unayo."

"Hiyo si ruta, ni kiberiti."

Duka tuliloingia liko karibu na soko, limejaa simu na nyaya, na msichana aliyetuhudumia anaitwa Moureen. Msichana mpole, anasikiliza.

"Nyumba yako ni kubwa kiasi gani, mama?"

"Vyumba saba."

"Ukuta ni wa nini?"

"Mawe. Ya kuchongwa, si matofali."

"Ni ghorofa?"

"Bado," Rodah akasema.

Moureen akaeleza vizuri tu, hata mimi nilielewa. Akasema nyumba ndefu ya mawe ni shida, kwa sababu kila ukuta unakula nguvu kidogo, na ukipita kuta nne hakuna kinachobaki. Akasema afadhali achukue mbili ndogo, moja ikae upande huu, nyingine upande ule, ziunganishwe na waya. Akazitoa kwenye boksi. Zilikuwa nyeupe, za mviringo, kama sahani ya mtoto.

Rodah alizitazama vile mtu anatazama ndama mgonjwa sokoni. "Viwili vidogo? Wanjuhi akija aone nini?" Kisha macho yake yakapanda kwenye rafu ya juu. "Ile nyeusi ni ya nini?"

Ile nyeusi ilikuwa na antena nane, nne huku nne huku, zimesimama kama pembe.

"Hiyo ina nguvu, mama, inafika mbali, lakini kuta ni kuta."

"Inafika mpaka kwa jirani?"

"Kama jirani yuko karibu, inaweza."

"Basi hapo sitaki. Nataka ifike chumba changu cha mwisho, iishie dirishani."

Moureen akanitazama mimi, nami nikatazama nyaya ukutani. "Mama, hii si taa. Huwezi kuiwekea pazia. Lakini ina paswadi, hata ikimfikia hawezi kuitumia."

"Ninajua mambo ya paswadi," Rodah akasema. Akafikiria. "Na jina lake, ataliona kwa simu yake?"

"Jina litaonekana."

"Basi andika hapo, Nyumba Kubwa."

Ndivyo Rodah alivyochagua ruta. Aliichagua kama anavyochagua fahali, kwa pembe. Nilijaribu kumwambia kwamba yule msichana ameongea maneno ya maana. Akaniambia, "Bot Lazarus, wewe unalala chumba kimoja na mzee wako. Hii si shida yako." Lazarus ni mwanangu wa kwanza, na Rodah hunitaja kwa jina lake hivyo akitaka nifunge mdomo.

Aliyekuja kuifunga ni Gekara, fundi wa mitandao, Mkisii anayekaa Litein. Ndiye aliyefunga ya Wanjuhi pia. Alipima korido kwa hatua, akaonyesha ukuta wa katikati, juu karibu na dari. "Hapa, mama. Katikati ya nyumba, juu, wazi."

"Kwenye korido?"

"Hapo ndipo itagawa vizuri."

"Korido ni ya kupita. Mgeni ataionea wapi?"

Wakashindana kama nusu saa. Mwishoni ruta iliwekwa sebuleni, mwisho kabisa wa nyumba, ndani ya kabati la vioo lenye sahani za harusi na kioo cha kujitazamia nyuma. Na kwa sababu hakuna kitu cha maana katika sebule ya Rodah kinachokaa uchi, redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata rimoti ina kitambaa, alikuwa amekaa siku mbili kabla ya fundi kuja akifuma kitambaa cha uzi wa pinki chenye mashimo manane, pembe zitokee. Kusema kweli kilikuwa kizuri. Gekara alikitazama akashika paji la uso.

"Mama, umeivalisha sweta."

"Kwani itasikia joto?"

"Itasikia. Na hicho kioo cha nyuma pia si kizuri." Kisha, akikusanya vyuma vyake, akasema neno ambalo nadhani alijuta baadaye. "Bora hakuna mabati. Mawe yanapunguza tu, lakini mabati yanafunga kabisa. Mabati yakiwa kati, hakuna waifai itapita."

Niliona Rodah amelichukua neno hilo akaliweka mahali.

Habari ya pembe nane ilipita ua wa saiprasi haraka. Jioni hiyo wajukuu wote watano walikuja kuiona, wakaigusa, wakapigwa picha nayo. Rodah alichinja kuku. Akatandika vitanda. Wakalala kwake. Asubuhi nilipopita kuazima panga nilimkuta anamwaga chai kwenye vikombe huku anaimba wimbo wa kanisa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu shule zifunge.

"Mnaona sasa waifai ya Kogo?" akawauliza. "Mmelala nayo mpaka saa ngapi?"

Watoto wakatazama vikombe. Chepkemboi, ambaye hajafundishwa kudanganya, akasema, "Kogo, vyumba vya huko mwisho hiyo yako haifiki. Tulitumia ya Kogo Wanjuhi. Inaingia kwa dirisha."

Rodah akaweka birika chini.

Nitakuambia, mtoto akienda kulala kwa mwingine inauma. Lakini mtoto kulala kwako, kwenye blanketi lako, tumboni ana kuku wako, na huku anakula ya mwingine kupitia dirishani, hiyo ni kitu kingine kabisa. Rodah alikwenda nyuma ya jiko, akatoa mabati sita yaliyobaki wakati wa kuezeka, akaita Alexander.

Alexander alistaafu trekta na anataka amani. "Unataka kujenga nini?"

"Ukuta wa upande wa mvua. Unyevu unaingia."

"Mvua haitokei upande huo, mama."

"Itatokea."

Wakayapigilia mabati ukutani kwa nje, upande wote unaotazama kwa Wanjuhi, kutoka chumba cha kulala cha Rodah mpaka chumba cha mwisho cha wajukuu. Madirisha mawili yakafunikwa nusu. Nyumba ya mawe ya kuchongwa, kazi ya miaka kumi na tisa, ikaonekana kama kibanda cha kuuzia samaki. Wanjuhi alitoka akasimama kwenye ua, mikono ina unga, akatazama.

"Bot Kipkurui, ni nini?"

"Unyevu," Rodah akasema kutoka juu ya ngazi, misumari mdomoni.

Wanjuhi akaitika kwa kichwa, akarudi ndani.

Usiku huo wajukuu walichukua mito yao tena.

Sasa elewa Jumapili ya Rodah. Kipkurui, mwanawe wa kwanza, anafanya kazi Qatar, mwaka wa tatu sasa. Kila Jumapili jioni, kabla ya kuingia kazini, anampigia mamake simu ya kuonana uso. Rodah anaipokea chumbani kwake, mlango umefungwa, ameketi kitandani amejifunga leso safi. Ni saa moja ya wiki ambayo hakuna mtu anamgusa. Anamwonyesha mwanawe ndama kwa dirisha, anamwonyesha meno, anamwambia amekonda hata kama amenona. Tangu mwezi wa nne simu hiyo ilikuwa safi kabisa, haikatiki, na Rodah alikuwa anasema ni kwa sababu anamwombea.

Jumapili hiyo ya mabati simu haikuingia. Alikaa kitandani, akangoja, akainua simu juu, akasimama juu ya kitanda. Uso wa Kipkurui ulikuja mara moja, ukaganda mdomo wazi, ukatoweka. Akatoka kwenye korido. Akaenda sebuleni, na huko Alexander alikuwa na wazee wanne wa kanisa wanapanga harambee. Alipopata mahali, Kipkurui alikuwa ameingia zamu ya usiku.

Jumatatu saa mbili asubuhi Gekara alikuwa ameitwa, na mimi nilikuwa nimeitwa niwe shahidi. Rodah alikuwa na risiti mkononi.

"Ruta yako ni mbovu."

"Si yangu, mama, uliinunua mwenyewe. Mbovu vipi?"

"Miezi minne naongea na mtoto wangu chumbani bila shida, na karuta kale kadogo. Nimeleta kubwa, imekufa. Eleza."

Gekara akaomba simu yake. Akaingia nayo chumbani, akatoka, akaingia tena. Akafungua mahali pa mitandao akasoma. Nilimwona amekunja midomo ndani, kama mtu aliyeuma pilipili na hataki watu wajue.

"Mama, karuta kako kadogo hakajawahi kufika chumba hiki hata siku moja."

"Na nilikuwa naongea na nini?"

"Simu yako ilikuwa inashika ya Mama Wanjuhi. Tangu mwezi wa nne."

Chepkemboi, ambaye alikuwa amekuja kutafuta chaja, akasema polepole kutoka mlangoni, "Kogo, si uliniambia Aprili nikuwekee mtandao unaoshika chumbani? Huo ndio ulikuwa unashika."

Rodah akaketi kitandani.

"Yeye hajui," akasema baadaye. Hakuwa anauliza, alikuwa anaomba.

Gekara angeweza kunyamaza. Lakini ni fundi, na mafundi hawawezi kuacha jambo nusu. "Anajua, mama. Mwezi wa tano aliniita, akasema Jumapili jioni ile ibada anayotazama inakwama kwama. Nikaangalia orodha ya simu zilizoingia kwenye waifai yake, nikakuta moja imeandikwa Kogo Rodah. Nikamuuliza niitoe? Akasema, 'Wacha, anaongea na mtoto wake.' Siku hizi anatazama ibada Jumatatu."

Basi. Nilihesabu kichwani, kama Rodah alivyokuwa anahesabu. Mwezi wa tano. Na ugomvi wa kituoni ulikuwa mwezi wa nane. Wanjuhi alisimama pale akachagua majani yake magumu, akaitwa mwizi wa watoto mbele ya karani, huku jambo hilo liko mdomoni mwake, na hakulitoa.

Gekara alipoondoka nilibaki na Rodah jikoni. Hakuweka chai. Hiyo ilinitisha.

"Nimekula kwake," akasema. "Miezi minne. Nimekula kwake na kumtukana na mdomo ule ule."

"Mlipe basi."

"Nimlipe nini? Nimpimie hewa kwa kikombe?"

"Mwambie asante."

Alinitazama kama nimemwambia atembee uchi mpaka sokoni. "Na kitu kinaniudhi, Bot Lazarus, ni kwamba alinyamaza. Angenitukana ningejua mahali pa kusimama. Amenishinda kwa kunyamaza. Hata katika hilo amenishinda."

Kwa hivyo usifikiri wivu uliisha. Ulihama tu chumba.

Siku iliyofuata aliyang'oa mabati yeye mwenyewe, Alexander akishika ngazi bila kuuliza maswali, mzee mwenye akili. Akamwita Gekara tena, na safari hii alimsikiliza. Pembe nane zikatolewa kabatini, zikavuliwa sweta, zikatundikwa katikati ya korido, juu, mahali ambapo mgeni haoni chochote isipokuwa kama anatafuta choo. Halafu akanunua moja ya zile nyeupe za mviringo alizozidharau, ikavutiwa waya juu ya dari mpaka chumba cha mwisho. Gekara akapita na simu kutoka mlango hadi mlango. Ikashika vyumba vyote saba. Ikashika chumbani kwa Rodah. Akabadilisha simu yake isishike tena ile ya ng'ambo, na Rodah akamfanya amwonyeshe mara mbili kwamba imetoka kweli.

Wajukuu walirudi watatu. Wawili walibaki kwa Wanjuhi kwa sababu ya chapati. Rodah alihesabu mito, akasema watatu ni watatu.

Lakini hakulala. Nilijua kwa sababu taa ya jikoni kwake ilikuwa inawaka nikitoka kukamua alfajiri. Siku nne hivyo. Siku ya tano, Ijumaa kabla shule zifungue, alinijia shambani na kitu kimefungwa kwa leso.

"Njoo," akasema. "Ulikuwepo wakati mama alisema. Uwepo na sasa."

Tukapita kwenye mwanya wa ua ambao watoto wameuchimba kwa kupita. Wanjuhi alikuwa jikoni anaponda viazi na mahindi. Akafuta mikono kwa aproni, akatuvutia viti. Rodah hakuketi. Akafungua leso, akaweka kibuyu mezani.

Kilikuwa cheusi, kinang'aa, ngozi ya kifuniko imeshonwa shanga upya. Wanjuhi hakukigusa.

"Nilidhani kilishavunjika," akasema.

"Kivunjike wapi? Nimekisafisha kila mwezi miaka kumi na moja."

"Kila mwezi?"

"Kingeoza. Mama angeniuliza." Rodah akatazama dirishani. Kupitia hapo unaona nyumba yake yote, vyumba saba, na matundu ya misumari ukutani. "Na zile Jumapili zangu, nilizokula hapa."

"Jumapili gani?" Wanjuhi akasema.

"Usinifanyie hivyo, Wanjuhi. Usininyamazie tena. Kama umesamehe sema umesamehe, nisikie na masikio yangu, huyu naye asikie."

Nadhani Wanjuhi alikuwa na mambo mengi ya kusema, ya kituo cha majani na ya miaka mingine, na alikuwa anachagua kama anavyochagua majani. "Nimesamehe," akasema. "Sasa kibuyu ni cha kunilipa?"

"Hapana. Hicho si malipo. Hicho ni chako."

Kisha Rodah akavuta kiti, akatoa kwenye mfuko wa sweta kijiti cha senetwet, ule mti tunaochomea vibuyu, na ufagio mwembamba wa kusugulia ndani. Akatia kijiti motoni mpaka ncha ikawa nyekundu. Akakipenyeza ndani ya kibuyu, akasugua, akazungusha, moshi ukatoka mdomoni mwa kibuyu na jikoni kwa Wanjuhi kukanuka kama kwa mama mkwe wao. Akafanya hivyo mara tatu. Akamsukumia.

Wanjuhi akachukua. Akakishika chini kwa kiganja, akasugua kwa kuzungusha mkono, taratibu, na unga mweusi wa mkaa ukaenea ndani ya kibuyu kote, sawasawa, hakuna mahali palipoachwa. Mara ya kwanza tu. Nilimwangalia Rodah. Midomo yake ilikuwa imekaza.

"Polepole," akamwambia. "Mimi ilinichukua mwaka mzima."